Kifaa cha Reynolds cha mezani: kizuri kwa macho, kigumu kwa namba

Anayenunua kifaa cha Reynolds kwa ajili ya maabara ya uhandisi huwa anataka mambo mawili. Kwanza, wanafunzi waone kwa macho yao maji yakiacha utulivu na kuingia kwenye msukosuko. Pili, waondoke na namba ya Reynolds ya mahali mtiririko unapovurugika (namba inayounganisha kasi, kipenyo cha bomba na mnato, yaani uzito wa maji kutiririka), iliyo karibu na ile ya kitabuni, 2,000 au 2,300. La kwanza kifaa hiki kinalifanya vizuri kuliko video yoyote. La pili kinalifanya kwa shida, na mara nyingi lawama haimwendei mwanafunzi bali kifaa chenyewe.

Tunachopitia hapa ni muundo wa kawaida wa mezani, unaosimama wima, wenye bomba la kipenyo cha milimita 10 hivi na urefu wa milimita 700 hivi. Watengenezaji wengi wanafuata umbo hilohilo. Wanachotofautiana ni vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua kama kifaa kitafaa au kitabaki pambo la kabati.

Juu kuna tangi lenye bomba la kufurikia, ili kimo cha maji kisipande wala kushuka. Maji huingia kupitia tabaka la gololi za kioo zinazovunja vizunguzungu vilivyoletwa na mpira wa maji. Katikati ya tangi kuna mdomo uliopanuka kama kengele, na kutoka hapo bomba la kioo linashuka moja kwa moja hadi kwenye koki ya chini. Sindano nyembamba inaleta rangi kutoka kwenye kichupa cha juu na kuidondosha katikati ya mdomo. Vingine ni vya kupimia tu: silinda, saa ya sekunde, kipimajoto.

Muundo huu ni mjukuu wa tangi alilotumia Osborne Reynolds kule Manchester, kazi iliyochapishwa mwaka 1883. Lake lilikuwa na urefu wa futi 6, na bomba lake kubwa la kioo lilikuwa na kipenyo cha karibu inchi 1. Alikuwa mwangalifu kuhusu kutuliza maji kiasi kwamba aliweza kubaki na mtiririko tulivu hadi namba ya karibu 13,000. Kifaa hichohicho kilipotumiwa tena Manchester karibu karne moja baadaye, mtiririko ulivurugika kwenye namba ya chini zaidi, kwa sababu magari ya barabarani yalikuwa yakitikisa jengo. Anayedhani meza yenye friji ya maabara chini yake inafaa kuwekewa kifaa hiki aanze kufikiria hapo.

Hesabu kwanza

Namba ya Reynolds ni kasi ya wastani mara kipenyo cha ndani, gawanya kwa mnato kinematiki, yaani mnato uliogawanywa kwa densiti. Kwa bomba la milimita 10 na maji ya nyuzi 20, hesabu inajifupisha: kila mililita 1 kwa sekunde ni Reynolds 127. Kwa hiyo 2,000 inafikiwa kwenye mililita 15.8 kwa sekunde, chini kidogo ya lita 1 kwa dakika, na 4,000 kwenye mililita 31.5. Maji yakiwa na nyuzi 30, mnato kinematiki unashuka kutoka milimita mraba 1.004 kwa sekunde hadi 0.801. Mililita ileile 1 sasa inabeba Reynolds 159, na 2,000 imesogea hadi mililita 12.6. Vitabu vidogo vya maelekezo vinavyokuja na kifaa mara nyingi vina thamani moja ya mnato iliyochapishwa tayari, na mwanafunzi anaitumia hata kama maji yake ni ya uvuguvugu. Kosa la nyuzi 1 tu ya joto linaleta kosa la zaidi ya asilimia 2. Kipimajoto kiwe ndani ya tangi au kwenye maji yanayotoka chini, kisiwe kwenye ndoo ya pembeni.

Kosa la muda ni dogo kuliko watu wanavyoogopa. Kukusanya mililita 500 kwenye Reynolds 2,000 kunachukua sekunde 32. Kidole kikichelewa sekunde 0.3, umekosea asilimia 1. Kwenye 4,000 muda unapungua hadi sekunde 16 na kosa linakaribia asilimia 2, basi kusanya lita nzima.

Kipenyo ndicho kinachosahaulika. Kwa kuwa tunapima kiasi cha maji na siyo kasi, namba ya Reynolds inakwenda kinyume na kipenyo: bomba lililoandikwa milimita 10 likiwa kwa kweli ni 9.7, kila namba uliyoandika iko chini ya ukweli kwa asilimia 3. Mtengenezaji mzuri anatoa kipenyo kilichopimwa kwa bomba hilohilo, siyo kipenyo cha katalogi. Asipotoa, lipime mwenyewe: ziba upande mmoja, jaza maji urefu unaojulikana, yapime maji hayo kwenye mizani ya gramu. Bomba la milimita 10 lenye urefu wa milimita 700 linabeba gramu 55 hivi.

Mdomo na sindano

Hapa ndipo fedha inapotakiwa kwenda. Mdomo wa kengele unatakiwa uwe laini kama kioo na uungane na bomba bila ngazi yoyote. Pitisha ukucha kwenye kiungo kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo. Ukucha ukikwama, msukosuko utaanzia hapo, na hakuna utulivu wa tangi utakaouzuia. Midomo ya plastiki iliyomwagwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari wa mshono, nao unahitaji kusuguliwa kwa msasa laini wa maji mpaka usionekane. Midomo iliyochongwa kwenye mashine haina tatizo hilo, lakini angalia gundi iliyochuruzika kwenye kiungo.

Sindano nayo ina mahali pake. Wengi wanaishusha hadi ndani ya koo la mdomo ili uzi wa rangi utoke katikati kabisa. Ni kosa. Kwenye koo maji yana kasi ileile ya bombani, mita 0.2 kwa sekunde kwenye Reynolds 2,000, na sindano yenye unene wa milimita 1.5 inakuwa kama nguzo ya daraja kwenye mto: inaacha nyuma yake mkia wa vurugu. Ipandishe hadi sehemu pana. Mdomo ukiwa na upana wa milimita 40 pale, eneo ni mara 16 ya bomba, kasi ni sehemu ya kumi na sita, na maji yanaizunguka sindano bila kuchafuka. Uzi wa rangi unaotoka kwenye tundu la milimita 1 utabanwa pamoja na maji mpaka uwe robo milimita ndani ya bomba. Ni mwembamba, ndiyo. Ongeza ukali wa rangi, usiongeze koki ya rangi.

Rangi ikitoka kwa kasi kuliko maji yanayoizunguka, inakuwa jeti ndogo inayoyumba, na mwanafunzi anaandika kwamba ameona mtiririko wa mpito (ule wa kati ya utulivu na msukosuko) kwenye 900. Rangi inayohitajika ni kidogo mno: kwa vipimo tulivyotaja hapo juu ni chini ya mililita 1 kwa dakika. Koki ya kichupa cha rangi kwa hiyo inapaswa kuwa ya kuzungushwa polepole, na vifaa vingi vya bei ya chini vinawekewa kibanio cha mpira ambacho hakiwezi kurekebishwa kwa usahihi huo. Kibanio cha skrubu kinatosha kabisa na kinabadilishwa kwa dakika tano.

Sindano iliyopinda inapeleka uzi ukutani, na hapo unaonekana umetulia hata maji ya katikati yakiwa yamevurugika, kwa kuwa karibu na ukuta kasi ni ndogo. Inyooshe juu ya kioo bapa kwa kuibiringisha.

Rangi gani

Rangi ya chakula inashinda zote. Pamanganeti ya potasiamu ina zambarau nzuri, ila inaacha doa la kahawia kwenye akriliki na ndani ya sindano. Doa hilo linatoka kwa asidi dhaifu kama ya limau. Bluu ya methilini inakaa kwenye plastiki kama mgeni asiyeaga. Wino wa kalamu unatofautiana chupa hadi chupa.

Rangi iliyokolea ni nzito kuliko maji. Kwenye kifaa cha wima uzito huo unaufanya uzi ukimbie katikati kidogo, jambo linaloweza kuvumilika. Kwenye kifaa cha kulala, uzi unazama kuelekea sakafu ya bomba, hasa maji yakienda polepole, na ule mstari mnyoofu ulioahidiwa unageuka kuwa mteremko. Tone moja moja la spiriti kwenye rangi linaisawazisha: endelea mpaka tone la rangi lililoachwa kwenye glasi ya maji yaleyale libaki lilipo, lisizame wala kuelea. Hakikisha rangi na maji vina joto moja kabla ya jaribio hili. Hii ndiyo sababu kuu ya kuchagua kifaa cha wima, ingawa cha kulala kinaonekana vizuri zaidi na darasa la watu thelathini.

Maji yaliyotulia

Maji ya bomba la mjini yakitoka moja kwa moja kwenye tangi yanaleta maradhi mawili. Presha inayopanda na kushuka inapita kwenye gololi kama si nyingi, na hewa iliyoyeyuka inajitenga maji yanapopata joto la chumba, kisha vipovu vinaganda kwenye ukuta wa bomba. Kipovu kimoja kilichoganda karibu na mdomo ni kikwazo tosha cha kuanzisha msukosuko. Jaza pipa usiku uliotangulia, liache wazi, tumia maji hayo kwa pampu ndogo inayorudisha yaliyofurika. Pampu yenyewe isiguse meza ya kifaa. Iweke sakafuni, na mpira wa kuunganisha uwe mlaini wenye mkunjo. Kumbuka rangi: maji yaliyopita bombani yaende kwenye mfereji, yanayorudi yawe ya kufurika tu. La sivyo baada ya saa moja utakuwa unatafuta uzi mwekundu ndani ya maji mekundu.

Baada ya kujaza tangi, subiri angalau dakika 10 kabla ya kufungua koki ya chini. Jaribio la haraka: dondosha tone la rangi kwenye tangi mbali na mdomo. Likiendelea kuzunguka polepole, bado. Koki ya kudhibiti maji iwe chini ya bomba. Kifaa chenye koki ya kudhibiti juu ya mdomo kinyume cha mtiririko hakifai kwa kazi hii, hata kama kingepewa bure.

Koki ya robo mzunguko ni kasoro nyingine ya vifaa vya bei ya chini. Kati ya 1,800 na 2,600 unahitaji hatua za mililita 1 kwa sekunde au chini yake, na koki hiyo inaruka mililita 5 kwa kuguswa tu. Dai koki yenye sindano ndani, inayofunguka kwa mizunguko kadhaa.

Unachokiona siyo kilichopo

Bomba la duara lililojaa maji ni lenzi. Kitu kilicho ndani yake kinaonekana kimetanuka upande kwa mara 1.33 hivi. Kwenye bomba lenye ukuta mwembamba, rangi iliyosambaa hadi robo tatu tu ya nusu kipenyo inaonekana imejaza bomba zima, na hapo darasa lote linatangaza msukosuko kamili kabla ya wakati wake. Vifaa bora vina boksi la mraba la akriliki lililojazwa maji kuzunguka bomba, nalo linaondoa sehemu kubwa ya upotoshaji huo. Tungelipia boksi hilo kabla ya kulipia onyesho lolote la kidijitali la kiasi cha maji.

Taa iwe nyuma, kupitia karatasi nyeupe, isiwe ya joto kali: taa ya joto upande mmoja wa bomba inaanzisha mkondo wa kupanda na kushuka. Kwa msukosuko wenyewe, jicho linaona ukungu wa rangi tu. Reynolds alilimulika bomba kwa cheche ya umeme, na ule ukungu ukajifungua kuwa vizunguzungu vinavyotambulika kimoja kimoja. Leo kamera ya simu inafanya kazi hiyo. Kwenye Reynolds 4,000 maji yanakwenda mita 0.4 kwa sekunde; picha ya sekunde 1/50 inayafuta kwa milimita 8, picha ya 1/1000 kwa milimita 0.4 tu. Weka kasi hiyo ya pili na uongeze mwanga.

Namba isiyotaka kukaa mahali pamoja

Ukipanda polepole na kila kitu kimetulia, uzi unaweza kubaki mnyoofu hadi 3,000, 4,000 au zaidi. Ukishuka kutoka kwenye msukosuko, unatulia karibu na 2,000. Kifaa kiko sawasawa. Mtiririko tulivu wa bomba la duara unavumilia vurugu ndogo na kuzizima. Unahitaji kusukumwa kwa nguvu ya kutosha ili uvunjike. Kwa hiyo namba ya kupanda inapima ubora wa mdomo, gololi na meza yako, na namba ya kushuka ndiyo iliyo karibu na tabia ya maji yenyewe. Maelekezo mengi yanaomba usomaji wa kupanda peke yake. Badilisha karatasi ya mazoezi: anza juu ya 5,000, shuka kwa hatua, kila hatua subiri dakika 1 kabla ya kuhukumu.

Katikati ya safari hiyo, kati ya 2,000 na 2,700 hivi, utaona jambo zuri kuliko yote ambayo kifaa kinatoa: mafungu. Uzi unakuwa mnyoofu, ghafla fungu la vurugu linapita, kisha uzi unanyooka tena. Watu wengi huandika hapo "mpito" na kuendelea, ilhali maji hayako nusu tulivu nusu vurugu. Mahali pamoja ni tulivu kabisa, pengine pamevurugika kabisa, na vipande hivyo vinafuatana. Hesabu mafungu yanayopita kwa dakika kwenye hatua tatu nne za koki, na utapata mchoro wenye maana kuliko alama moja ya "hapa ndipo".

Ila hapa urefu wa bomba unaanza kuumiza. Mtiririko tulivu unahitaji umbali wa takribani mara 0.06 ya Reynolds, ukihesabu kwa vipenyo, ili mchoro wake wa kasi ufikie umbo kamili la parabola. Kwenye 2,000 hiyo ni vipenyo 120, yaani mita 1.2. Kifaa kina vipenyo 70. Parabola kamili utaipata tu chini ya 1,170 hivi, na anayetaka kuionyesha kwa kudondosha tone la rangi na kuliangalia likivutika afanye hivyo kwenye 500, katika nusu ya chini ya bomba. Mafungu nayo yanahitaji masafa marefu kujulikana kama yatakufa au yatazaana. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2011 kiliweka mpaka huo kwenye 2,040, kwa bomba lenye urefu wa maelfu ya vipenyo. Bomba la vipenyo 70 haliwezi kugombana na namba hiyo, na muuzaji anayedai kifaa chake kinapima "namba halisi ya mpito kwa usahihi wa asilimia 1" anauza maneno.

Anayehitaji namba anunue kingine

Kwenye bomba hili, upotevu wa presha kwa Reynolds 2,000 ni milimita 6.5 za maji kwa kila mita. Kwa milimita 700 ni milimita 4.6, jambo ambalo manometa (kipima presha) ya kawaida inalisoma kwa kubahatisha. Vifaa vinavyoongezewa matundu mawili ya manometa kwenye bomba la milimita 10 ili viitwe "viwili kwa kimoja" viachwe dukani. Matundu yenyewe yakiwa na ncha kali yanavuruga mtiririko.

Kwa namba, kifaa cha msuguano chenye bomba la milimita 3 na nusu mita kati ya matundu ni bora mara nyingi. Reynolds 2,000 hapo ni mililita 4.7 kwa sekunde na upotevu ni milimita 122 za maji, unaosomeka bila kukodoa macho. Chora kigezo cha msuguano dhidi ya Reynolds: upande tulivu kinafuata 64 gawanya kwa Reynolds, kwa hiyo 0.032 kwenye 2,000. Mtiririko ungebaki tulivu hadi 4,000 kingekuwa 0.016, ukiwa wa msukosuko kinakuwa karibu 0.040, mara 2.5. Mruko huo ndio mhandisi anaoulipia kwenye pampu. Hauonyeshwi na rangi.

Maabara yenye fedha ya kifaa kimoja inunue cha msuguano na kujitengenezea cha rangi. Ndoo ya lita 20 yenye tundu la kufurikia ubavuni, gololi, bomba la kioo la mita 1.5 lenye kipenyo cha milimita 10, mdomo uliochongwa kutoka kwenye faneli laini, koki ya sindano na stendi nzito: vyote vinapatikana kirahisi, na bomba la mita 1.5 linafikia vipenyo 150, zaidi ya mara mbili ya kile cha kununuliwa. Tatizo la kujitengenezea ni kiungo cha mdomo na bomba. Kipake silikoni kwa nje tu, kisha kagua kwa ndani kwa kushusha taa ndogo. Ukiruka bomba la kufurikia, kimo kinashuka unapofanya kazi: maji yakipungua asilimia 10 ya kimo juu ya koki, mtiririko unapungua asilimia 5 bila mtu kugusa kitu, na hapo karibu na 2,000 asilimia 5 inatosha kuzima mafungu yote uliyokuwa unayahesabu.

Kifaa chochote utakachotumia, malizia kipindi kwa hesabu mbili ubaoni. Maji kwenye bomba la milimita 25 kwa mita 2 kwa sekunde yana Reynolds karibu 50,000. Mafuta ya hidroliki ya daraja la 46 (mnato kinematiki wa milimita mraba 46 kwa sekunde), yakiwa na nyuzi 40 kwenye bomba hilohilo na kasi hiyohiyo, yana 1,087. Waulize wanafunzi, kabla ya kuwasha chochote, ni lipi kati ya mabomba hayo mawili uzi wa rangi ungebaki mzima, kisha kwa nini kipoza mafuta kinawekewa vizuizi vya kuyakoroga.